Umande Ulioganda Mlangoni Pangu

Kina mama wa ushirika wetu, mmeniomba nieleze nilivyovunjika na nilivyopona. Rehema, mke wa mchungaji, akaongeza la kwake: "Bibi Damari, usisahau na uzuri wa asubuhi ile, maana wewe uliuona kwa karibu." Kwa karibu! Pua yangu ilikuwa ndani yake. Haya, nitaeleza. Lakini kama kuna aliyekaa hapo akisubiri niisifu baridi ya London, na ajifunike blanketi alale, maana kwangu hatalisikia hilo.

Shule niliishia darasa la tatu kwa mwalimu Yohana, yule mwenye jicho moja. Naandika kama ninavyosema.

Nimezaliwa Kongwa, mahali pa vumbi. Mama yangu, Eliada, alitufundisha sisi mabinti zake, Yudithi, Lea, mimi, Marita na Penina, jambo moja kabla ya mengine yote: jua lisikukute uwanja haujafagiliwa. Unaamka, unachota maji kwenye kopo, unanyunyiza kwa vidole ili vumbi litulie, ndipo unafagia. Mwanamke ambaye mlango wake haujapata maji asubuhi, mgeni akifika anajua humo ndani kuna mgonjwa au kuna mvivu. Nimefanya hivyo nikiwa msichana, nimefanya nikiwa mke wa Stefano, nimefanya asubuhi ya siku tuliyomzika Stefano.

Nilipokuja London kumlea Neema, mtoto wa binti yangu Tabitha, nilikuja na fagio langu la chelewa ndani ya sanduku. Yule askari wa uwanja wa ndege akalishika, akaligeuzageuza, akauliza ni la nini. Tabitha akamwambia ni pambo. Pambo! Kesho yake alfajiri nilikuwa nje nalifanyisha kazi.

Tunakaa Harrow. Nyumba za huku zimeshikana mbili mbili kama mapacha, ukuta mmoja katikati. Mwenzangu wa ukutani ni Kokila, Mhindi. Amezaliwa Kilosa, baba yake alikuwa na duka la kanga, akaletwa huku akiwa mwari. Mume wake alishafariki, watoto wako Kanada. Kiswahili anacho, lakini alikipata kwa kuamrisha watumishi, kwa hiyo hakina "tafadhali" wala "shikamoo". Siku ya kwanza kuniona nje na fagio aliniuliza, "Wewe iko fanya kazi hapa? Memsahibu yako nani?"

"Memsahibu ni mimi," nikamjibu.

Hapo tukaanza vita, na vita vile vilidumu mpaka Neema akafika umri wa kujipaka rangi za kucha. Kokila ana mti mkubwa mbele ya nyumba yake. Majina ya watu nayakumbuka yote, lakini jina la mti ule sijawahi kujali kuuliza. Kila ifikapo Oktoba unamwaga majani yake upande wangu. Mimi nafagia, nayarudisha kwake. Yeye anafagia, anayarudisha kwangu. Na maji yangu yalimkera kupita kiasi.

"Maji, maji, kila siku maji! Hapa hapana Kongwa. Hapana vumbi hapa."

"Vumbi ni wewe," nikamwambia.

Ndivyo nilivyokuwa. Mzima, mkali, miguu miwili. Presha kidogo, basi.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Tabitha ni nesi, alikuwa zamu ya usiku, bado hajarudi. Neema alikuwa juu chumbani anajiandaa kwenda shule, na yale madude ya muziki masikioni. Nikafungua mlango.

Kila kitu kilikuwa cheupe. Haikuwa theluji. Theluji naijua, ile inaanguka kwa fujo na kila mtu anatoka kuipiga picha. Hii haikuanguka. Iliota yenyewe, kimyakimya, juu ya nyasi, juu ya uzio, juu ya pipa la taka, juu ya vidaraja vyangu viwili vya mlangoni, ngazi zetu za kushukia. Umande ulioganda. Rehema anasema kwa Kiswahili cha vitabu ni jalidi. Miaka mingine yote Tabitha alikuwa ananizuia kutoka mpaka jua lipande. Siku ile hakukuwa na wa kunizuia, na mimi niliona ni uchafu. Uchafu mweupe mlangoni pangu, wa kwanza wa mwaka, na dawa ya uchafu ni maji.

Maji ya kopo hayakuutosha. Nikaingia jikoni, nikachemsha birika, nikavimwagia vile vidaraja vyote viwili. Ule weupe ukayeyuka mbele ya macho yangu, mvuke ukapanda. Nikaucheka. Nikarudi ndani, nikanywa chai yangu, nikamfungia Neema mkate wake wa shule, kisha nikachukua fagio nikatoka. Vidaraja vilikuwa vyeusi, vinang'aa, visafi kama ninavyotaka mimi. Nikakanyaga pale pasafi.

Kuteleza kwenye tope unapata nafasi hata ya kusema "Yesu!" Hapa sikupata. Miguu iliondoka yenyewe kama imevutwa na mtu. Nikashukia ubavu wa kushoto, nyonga ikapiga ukingo wa kidaraja cha chini, nikabiringika mpaka kwenye nyasi. Mlio wa mfupa sikuusikia kwa masikio. Niliusikia kwenye meno, kama muwa unapovunjwa kwenye goti.

Nikajaribu kuuvuta mguu. Haukuja. Nikautazama: ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje, kama mguu wa mtu mwingine ulioshonewa kwangu. Mkojo ukanitoka. Ukawa wa moto kwa kitambo kidogo, halafu ukawa baridi kuliko ardhi yenyewe. Nikaita, "Neema! We Neema!" Neema na muziki wake.

Sasa Rehema, sikiliza, hapa ndipo unapopataka.

Shavu langu lilikuwa kwenye nyasi. Mbele ya jicho langu, karibu kiasi cha kuligusa kwa kope, palikuwa na jani moja la mti wa Kokila. Jani la kahawia tu, la kawaida, nimefagia mengi kama hilo. Lakini ukingo wake wote ulikuwa umeota miiba myeupe, midogo, imejipanga kama meno ya kitana, kila mwiba na nafasi yake. Mishipa ya jani ilikuwa imechorwa upya kwa weupe, hata ile myembamba ambayo siku zote huioni. Nyasi nazo, kila unyasi na vazi lake. Na kimya. Hakuna ndege, hakuna gari, hata treni ya kule nyuma ya nyumba haikupita. Kisha jua likachungulia kati ya nyumba mbili za ng'ambo, na vyote vikameta kwa pamoja.

Nitawaambia nilichohisi. Nilihisi nimetukanwa. Mimi nimelala kwenye mkojo wangu, mfupa umekatika, na kitu hiki kimejipamba mbele ya pua yangu kana kwamba hapa kuna harusi. Hata huruma ya kuwa na sura mbaya hakikuwa nayo! Nikataka kufumba macho. Sikufumba. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilitazama.

Mlango wa pili ukafunguka. Kokila alikuwa na mmea wake kwenye chungu, mrehani, ule anaousalia kila asubuhi. Aliusahau nje, sasa alikuwa anatoka kuuingiza ndani. Nikamsikia anaulilia kwa Kigujarati. Kisha akaniona.

"Wewe! Iko lala hapo kwa nini?"

"Nimependa tu," nikamwambia. "Njoo ulale na wewe."

Akauacha mrehani palepale, akaja na kandambili zake. "Hapana inuka! Lala! Hapana gusa mguu!" Kuamrisha anajua. Akarudi kwake, akatoka na simu na mfarishi mzito wa pamba, akanifunika mpaka kidevuni. Akapiga simu, akaongea Kiingereza cha harakaharaka. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akakaa chini. Mwanamke mwenye magoti mabovu kuliko yangu, akajishusha kidogo kidogo huku anaguna, akakaa kwenye ule weupe na sari yake, akakiweka kichwa changu mapajani.

"Nani mwaga maji hapa?"

Nikaugeuzia uso mti wake.

"Wewe mwaga maji ya moto. Mimi ona moshi dirishani. Ile nyeupe hapana angusha wewe, Damari. Maji yako ganda, angusha wewe."

"Kokila, nikipona nakuja kukupiga."

"Pona kwanza."

Tukakaa. Alikuwa anatetemeka, nilimsikia kwa kisogo changu. Halafu akatazama mbele, kwenye nyasi na uzio na mti wake, akasema polepole, "Lakini maridadi. Tazama. Maridadi sana."

"Funga mdomo," nikamwambia.

Gari la wagonjwa likafika, na vijana wawili, Callum na Shanice. Ndipo Neema akatoka, akaona, akaanza kupiga kelele kwa Kiingereza. "Sori, Bibi! Sori!" Shanice alinipa hewa ya kuvuta kwenye bomba, dunia ikasogea mbali kidogo, wakaninyoosha mguu. Sitawaeleza uchungu wake. Aliyezaa ajue ni zaidi.

Hospitalini Daktari Rehman alituchorea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mfupa wa paja una kichwa kama cha mchi, alisema, na shingo chini yake. Shingo imekatika. "Tutatoa kichwa, tutaweka cha chuma." Tabitha alikuwa amekuja na sare zake za kazini, macho mekundu. Nikamwambia amuulize daktari kama hicho chuma nitazikwa nacho. Daktari akacheka. Mimi nilikuwa sichekeshi.

Walinichoma sindano ya mgongo, nusu yangu ya chini ikafa. Nilisikia wanagongagonga kama mafundi seremala, na mtu mmoja aliyeitwa Imogen akinishika mkono upande wa kichwa.

Baada ya hapo akili ikaniruka. Tabitha anasema hutokea kwa wazee, zile dawa na ule mshtuko. Niliwaona mbuzi wa baba wakiingia wodini wanakula mapazia. Nesi Adjoa, Mghana, nilimwita Lea, nikamlaumu kwa nini ameacha mlango wa zizi wazi. Nilichomoa mpira wa mkojo kwa mkono wangu, damu ikatapakaa. Naona aibu kuandika haya, lakini nayaandika, maana kuna binti hapo atamuona mama yake hivyo na kudhani amekuwa kichaa moja kwa moja. Si moja kwa moja. Mbuzi waliondoka. Choo ndicho kilichokataa kurudi. Tumbo likawa ngoma. Marisol, Mfilipino, ndiye aliyenitatulia kwa dawa ya kuingiza nyuma, akanisubiri, akanisafisha, huku anaimba. Mungu amtunze Marisol.

Kitanda cha jirani alikuwa Maureen, bibi wa Kiingereza. Alivunjika kama mimi, yeye kwa kujikwaa kwenye zulia lake. Maureen alikuwa mpole. Kulikuwa na kijana wa mazoezi, Declan, Mwairishi, mikono kama koleo. Akija kumwinua, Maureen anamwambia kwa sauti ya taratibu, "Kesho, mpenzi." Kila siku kesho. Kifua chake kikaanza kukoroma. Wakavuta pazia. Nilipoamka kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya.

Daktari Rehman akaja kunitazama akamwambia Tabitha, nami nikaelewa kabla hajatafsiri: "Mfupa tumeumaliza. Sasa ni yeye. Wasiosimama, mapafu yanawaondoa."

Mimi si mpole, na hilo liliniokoa. Declan akija nilikuwa namtukana kwa Kigogo toka anapofungua pazia mpaka anaponirudisha kitandani, na yeye anacheka, lakini nilisimama. Nilisimama natetemeka, jasho linanitiririka mpaka matakoni, kile chuma cha kutembelea kinagonga sakafu. Alinifundisha kwenye vidaraja vya mbao vya pale wodini. "Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, mguu mbovu kwanza." Nikapanda, nikashuka. Wakanirudisha nyumbani.

Mngedhani ushuhuda umeishia hapo. Hapana. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

Ndani nilitembea. Mlangoni nilikufa. Mlango ukifunguliwa, nikiviona vile vidaraja viwili, moyo unapiga mpaka masikioni, miguu inakuwa maji, chuma kinanitoka mikononi. Havikuwa na barafu wala nini. Ilikuwa mwezi wa nne, jua, maua ya watu yamechanua, mimi nimeshika fremu ya mlango nalia. Declan alikuwa ameshamaliza kazi yake. Akaja mwingine wa kututembelea nyumbani, Yetunde, akajaribu, akashindwa. Nikawa mtu wa sebuleni. Kitanda sebuleni, kiti cha choo sebuleni. Kuja ibada kwenu Walthamstow nilibebwa kwenye kiti cha magurudumu, mnakumbuka, nikakaa nyuma nimenuna. Paja la kushoto likaisha nyama, likawa kama fimbo. Kidonda kilishapona, kikabaki kuwasha tu. Mlango wangu haukufagiliwa majira yote ya joto. Nilikuwa nausikia uchafu wake kupitia ukuta.

Katika miezi hiyo Neema aliniambia jambo. Mrehani wa Kokila ulikufa ile asubuhi. Aliuacha nje alipokuja kukaa na mimi, na baridi ikaumaliza, ukawa mweusi. Alikuwa nao toka mume wake akiwa hai. Hakunitajia. Na mimi sikumtajia. Nilimtuma Neema mpaka Tooting, kwenye maduka ya Wahindi, akanunua mche, akauacha mlangoni kwa Kokila. Kesho yake kupitia dirishani nikasikia, "Mdogo sana huu!"

"Na wewe ulikuwa mdogo!" nikamjibu.

Mwisho wa Septemba Tabitha akaketi mbele yangu, hajavua viatu vya kazini. Nikajua.

"Mama, siwezi tena. Natoka kuosha watu, nakuja kukuosha wewe. Neema anaanza chuo. Nikiwa kazini, ukianguka, au moto ukiwaka, huwezi kutoka hata mlangoni. Siku moja nitafungua huu mlango nikukute umeshakufa."

"Unataka nini?"

"Baridi ya mwaka huu ikianza, na wewe huwezi kushuka vile vidaraja viwili, utahamia nyumba ya wazee. Nimeshaenda kuiona. Ni safi."

"Mochwari nayo ni safi," nikamwambia.

Nikasema mengi mabaya. Nilimwambia nilimzaa kwenye sakafu ya udongo bila nesi yeyote, na leo yeye nesi ananitupa. Tabitha alilia bila sauti, ameshika magoti yake. Tabitha wangu, ambaye hajalia toka tulipomzika baba yake. Nikaona kwamba hasemi ili kunitisha. Ule weupe ukija tena mlangoni, naondoka.

Nikauchukia mara mbili.

Oktoba ikaingia, mti wa Kokila ukaanza kumwaga. Asubuhi moja nimekaa dirishani, nikamuona anafagia. Hakuyapeleka majani kwenye pipa. Aliyasukuma polepole, kwa makusudi, anaguna, mpaka mlangoni pangu. Akayajaza kwenye vidaraja vyangu. Kisha akasimama, akanitazama kupitia kioo.

"Chafu sana nyumba yako," akasema. "Mimi iko ona aibu kwa majirani."

Nilipiga kioo kwa fimbo mpaka Neema akaja mbio. Kokila akaingia kwake.

Kesho yake tena. Majani, na juu yake maganda ya mbaazi. Maganda ya mbaazi, jamani, mlangoni pangu! Mimi binti wa Eliada! Nilisimama. Nilifungua mlango. Moyo ulipiga, miguu ikawa maji, lakini hasira ilikuwa imewahi kufika. Nikashika fremu kwa mkono mmoja, fagio la chelewa kwa mkono mwingine, nikayasukuma majani kutokea ndani. Yakaanguka yote upande wake.

"Kwisha nguvu?" akauliza kutoka dirishani.

"Njoo karibu uone."

Aliyarudisha siku iliyofuata, akayaweka mbali kidogo, fagio lisiweze kuyafikia kutokea ndani. Ikabidi nitoke na mguu mmoja. Halafu ikabidi nitoke na miwili. Nikasimama kwenye kidaraja cha juu nimeishika fremu, natokwa na jasho kama nachota maji kisimani. Cha chini sikukikaribia. Hapo ndipo nyonga yangu ilipopigia, na mwili unakumbuka zaidi ya mimi. Siku nyingi zikaenda hivyo. Yeye anamwaga, mimi natukana na kufagia, natumia kidaraja kimoja tu. Majani mtini yakawa yanahesabika.

Kama alifanya vile kwa akili, au kwa ubaya wake wa kawaida, sijamuuliza. Sitamuuliza.

Asubuhi moja nikavuta pazia, na weupe ulikuwa umefika.

Ulikuwa vilevile. Kimya vilevile. Nyasi, uzio, pipa, kila kitu kimevaa. Tabitha alikuwa njiani anarudi kutoka kazini. Neema alikuwa chuoni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikajua kwamba Tabitha akifika atauona weupe, kisha ataniona mimi ndani ya gauni la kulalia, na ataingia kupiga simu. Si kwa ubaya. Kwa uchovu.

Nikavaa. Soksi zilinichukua muda mrefu kuliko maombi. Nikavaa viatu vyenye meno chini, nikachukua fimbo, nikachukua fagio. Nikafungua mlango.

Kokila alikuwa upande wake amejifunga shali kichwani.

"Leo hapana toka," akasema. "Baridi mbaya."

"Umekuwa mama yangu?"

Akanitazama. Akaingia ndani. Nikadhani amekasirika. Akatoka na bakuli la chumvi, ile ya mawemawe, akalipitisha juu ya uzio.

"Maji hapana. Chumvi."

Sikumshukuru. Nikainyunyiza ile chumvi kwenye vidaraja kwa vidole, kidogo kidogo, kama mama alivyonifundisha kunyunyiza maji. Tukangoja. Weupe ukaanza kulainika, ukatoboka, ukawa tope la maji yasiyoganda. Kisha nikashusha mguu mbovu kwenye kidaraja cha juu, mzima ukafuata. Nikawa pale ninapopajua.

Kidaraja cha chini kilikuwa mbele yangu. Nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Nyonga ikaanza kuuma kabla haijaguswa.

"Damari," Kokila akasema. Ni mara ya pili tu toka nimjue ameniita kwa jina. "Iko ogopa?"

"Naogopa," nikasema.

"Mimi pia."

Nikaweka fimbo chini. Mguu mbovu kwanza. Chumvi ikalia chini ya kiatu. Mzima ukafuata. Halafu sikusimama kufikiri, maana ningefikiri ningerudi. Nikashuka tena, nikakanyaga nyasi. Zilikuwa nyeupe na zimekakamaa, zikalia chini ya kiatu kama mtu anavyotafuna mkate mkavu. Zilinishika. Sikuteleza. Ule weupe haukuniangusha, na nilikasirika sana kwamba Kokila alikuwa amesema kweli toka mwaka jana.

Majani aliyonimwagia jana yalikuwa pale, lundo zima. Nikainua fagio niyafagie. Nikaona. Kila jani na miiba yake myeupe pembeni, kila mshipa umechorwa, kila moja tofauti na mwenzake. Safari hii nilikuwa nayatazama kutoka juu, nimesimama, nguo zangu kavu. Nikalishusha fagio.

Sikufagia. Mara ya kwanza toka mama anifundishe, jua lilinikuta sijafagia.

Geti likalia. Tabitha alikuwa amesimama hapo na mkoba wake begani, mvuke unamtoka mdomoni. Akatazama vidaraja. Akanitazama miguu.

"Mama."

"Kawaambie wale wa nyumba safi," nikamwambia, "nafasi yangu wampe mtu mwingine."

Akaja akanishika. Alinuka dawa za hospitali. Tukasimama hivyo. Na Kokila, asiyejua kuwaacha watu na mambo yao, akaegemea uzio akauliza, "Maridadi?"

"Mbaya sana," nikasema. Lakini Tabitha aliponiambia tuingie ndani, nilimwambia atangulie.

Basi. Naushukuru mkono wa Mungu, na mikono aliyoituma: Callum na Shanice, Daktari Rehman, Imogen, Adjoa, Marisol, Declan niliyemtukana, Yetunde. Maureen hakupona, na jina lake nalitaja kila jioni ili asiwe kitanda kilichotandikwa tu. Tabitha alinibeba hadi akachoka, na alipochoka akanieleza ukweli usoni. Binti akikueleza ukweli, usimtukane kama mimi.

Na nyinyi wenye mama zenu huku, wanaoamka alfajiri kufagia mahali pasipo na vumbi, msiwanyang'anye fagio. Wanunulieni viatu vyenye meno na gunia la chumvi. Aliyevunjika asimame siku anapoambiwa asimame, hata akitukana, hata akijikojolea, kesho si ya kuitegemea. Akiwaona mbuzi wodini, mshikeni mkono, watapita. Na ule umande ulioganda mkiuona umeota mlangoni, msiumwagie maji ya moto. Uacheni. Mimi siku ile nilisimama nao mpaka jua likauondoa wote, jani moja moja, na hakuna aliyenilazimisha.

Kokila akiwauliza, mwambieni nilisema ni mbaya.